Poti moja, mikono mingi

Mama wa Kidigo ameketi chini, miguu ameinyoosha mbele yake. Kichanga chake cha wiki chache amekiweka katikati ya miguu hiyo, kisogo kikimwelekea, mgongo ukiegemea mwili wake. Anatoa sauti ya chini: shuu, shuu. Anarudia hivyo mchana na usiku, mara nyingi kwa siku, mpaka inafika siku sauti inatoka na mkojo nao unatoka. Hapo mtoto ananyonyeshwa na kukumbatiwa. Akitimiza miezi minne au mitano anatarajiwa kusubiri mkao ule na sauti ile ndipo akojoe.

Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 1977 katika Pediatrics, jarida la madaktari wa watoto wa Marekani. Waliyaandika Marten na Rachel deVries, waliofanya utafiti kwa Wadigo wa pwani ya Kenya. Kwa bibi wa Kwale haikuwa habari. Kwa wasomaji wa jarida lile ilikuwa ajabu, kwa sababu mwaka 1962 jarida hilohilo lilikuwa limetoa kazi ya daktari T. Berry Brazelton, aliyefuatilia watoto 1,170 na kushauri mzazi asianze kabla ya miezi 18, kisha aende kwa mwendo wa mtoto mwenyewe. Watoto wa Brazelton waliweza kushinda wakavu mchana kwa wastani wa miezi 28 na nusu.

Miezi mitano huku, miezi 28 kule. Mzazi wa leo wa Mombasa, Dar es Salaam au Nairobi anavutwa na pande zote. Mama mkwe anamwambia, "Mwanangu, huyu amekuwa mkubwa, mtoe hayo mapampasi." Simu inamwambia asiharakishe. Chekechea inamwambia haimpokei mtoto ambaye hajajua choo. Wote hao wanabishana juu ya lini. Mimi naona ubishi huo umetupotezea muda mwingi na kuwaliza watoto wengi. Swali lenye uzito ni la mikono: nani yuko karibu na mtoto saa ile haja inapomjia, anajua nini, na ana nafasi gani ya kusubiri. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Katika jambo la choo, methali hiyo ni maelezo ya kazi yenyewe.

Mwili unavyojifunza

Tuanze na mtoto mwenyewe. Kibofu cha kichanga kikijaa kidogo tu hujikaza chenyewe na kumwaga, na hivyo mtoto hukojoa karibu kila saa. Haja kubwa nayo humjia mara nyingi baada ya kunyonya au kula, kwa sababu chakula kinapoingia tumboni utumbo mpana huamka na kuanza kusukuma. Mzazi aliyempakata mtoto baada ya uji anaijua saa hiyo bila kufundishwa na mtu.

Kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu mtoto hujifunza mambo kadhaa, na hayaji kwa pamoja. Hujifunza kuhisi kwamba haja inakuja. Hujifunza kuibana. Hujifunza kuiachia kwa hiari yake. Juu ya hayo aweze kutembea hadi kwenye poti, kushusha nguo, kukaa au kuchuchumaa, na kumwambia mtu. Kubana na kuachia ni kazi mbili tofauti, na wengi hujua kubana kabla ya kujua kuachia. Ndiyo maana mtoto hukalia poti dakika kumi bila kitu, akainuka, na hatua mbili mbele akakojoa sakafuni. Mzazi anaona ukaidi. Kilichotokea ni kwamba misuli iliyokuwa imebana pale kwenye poti ililegea aliposimama na kusahau.

Dalili za kuwa tayari anaziona yeyote anayekaa na mtoto: anakaa mkavu saa mbili hivi, anajificha nyuma ya kochi au mlango anapojisaidia, anavuta nguo iliyolowa, anafuata maagizo mepesi, anataka kuiga wakubwa. Wengi hufika hapo kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili na nusu. Wasichana hutangulia kidogo. Katika kundi la Brazelton walitangulia kwa miezi miwili na nusu hivi. Tofauti ndogo kama hiyo haimpi jirani haki ya kumlinganisha mtoto wa mwenzake na wa kwake.

Pande mbili, zote zina haki

Je, Wadigo na Brazelton wanapingana? Tazama kila upande ulikuwa ukipima nini. Mtoto wa Kidigo wa miezi mitano haendi popote peke yake. Anatoa ishara, na mama anaisoma. Waliojifunza ni wawili, na mwenye kazi kubwa ni mama. Mtoto wa Brazelton alipimwa kwa yale anayoweza kufanya mwenyewe. Utafiti mwingine, uliofanyika Philadelphia na kuchapishwa mwaka 2003, uligundua kuwa wazazi walioanza mazoezi makali kabla ya miezi 27 hawakumaliza mapema kwa sababu hiyo. Walichukua muda mrefu zaidi tu. Matokeo hayo hayamkanushi mama wa Kidigo. Yanaonyesha kwamba kuanza mapema kuna faida pale tu ambapo mtu mzima yuko tayari kuibeba kazi kwa niaba ya mtoto kwa miezi mingi.

Pwani ilikuwa na sababu zake za kuibeba. Katika madhehebu ya Kishafi'i, ambayo Waislamu wengi wa huku huyafuata, mkojo wa mtoto wa kiume ambaye bado hajaanza kula hutosha kunyunyiziwa maji, na wa mtoto wa kike huoshwa. Wakishaanza kula, nguo iliyopata mkojo wa yeyote kati yao haiswaliwi mpaka ioshwe. Mama anayeswali mara tano kwa siku, mwenye kanga chache na maji ya kuteka kisimani, alikuwa na kila sababu ya kujua haja ya mwanawe kabla haijamfikia mapajani. Pia alikuwa na watu. Baada ya miezi ya mwanzo, dada, shangazi na bibi walipokezana mtoto, na wote walijua mkao ule na sauti ile.

Marekani nayo ina historia yake, na haikuwa ya upole wakati wote. Mwanzoni mwa karne ya 20, vijitabu vya serikali kwa akina mama viliwahimiza waanze mtoto akiwa na miezi michache, kwa saa ileile kila siku, bila kulegeza. Brazelton alikuwa akiujibu ukali huo. Mwaka 1961, mwaka mmoja kabla ya makala yake, kampuni ya Procter & Gamble ilikuwa imeanza kuuza Pampers, chapa ambayo kwetu imegeuka kuwa jina la nepi yoyote ya kutupa. Ushauri wa kusubiri na bidhaa ya kusubiria vilikua pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Brazelton mwenyewe alionekana katika matangazo ya Pampers. Kazi yake ya 1962 haikuandikwa kwa ajili hiyo, na huruma yake kwa watoto ilikuwa ya kweli. Hata hivyo mzazi anayeambiwa "subiri" ana haki ya kuuliza nani anafaidika na kila mwezi wa kusubiri.

Mikono ya siku hizi

Sasa turudi nyumbani kwetu. Sheria ya Tanzania humpa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, ya Kenya humpa miezi mitatu. Yaani likizo inakwisha pale ambapo njia ya Wadigo ingeanza kuzaa matunda. Mama lishe na muuza mitumba hawana hata hiyo likizo. Mtoto anabaki kwa dada wa kazi, kwa bibi, kwa jirani, au katika kituo cha kulelea watoto mchana.

Dada wa kazi mara nyingi ni binti mdogo. Anapika, anafua, anapiga deki, na usiku anaulizwa kwa nini kochi linanuka. Akimtoa mtoto pampasi, kila ajali itahesabiwa kuwa uzembe wake. Akimwachia, hakuna atakayemlaumu. Kwa hiyo anamwachia, na mama anarudi jioni akishangaa kwa nini miezi inapita bila badiliko. Kosa si la binti. Amepewa kazi mbili zinazopingana: mzoeshe mtoto choo, na nyumba isilowe hata siku moja.

Bibi anajua kazi, ila mgongo umechoka na mjukuu ana kilo kumi na mbili. Mlezi wa kituo anao watoto wengi kwa mkono wake mmoja, hivyo anawakalisha wote kwenye poti kwa wakati mmoja baada ya uji. Njia hiyo si mbaya, kwa sababu utumbo huamka saa hiyohiyo na watoto hupenda kuigana. Tatizo linakuja Jumamosi, mtoto anapokaa nyumbani ambako hakuna saa wala poti.

Baba naye yuko wapi? Katika nyumba nyingi anaingia kwenye habari hii kama hakimu tu, anasikia mtoto amejikojolea na kutoa hukumu. Mtoto wa kiume hasa hujifunza kwa kumtazama baba. Kumpeleka mtoto chooni asubuhi kabla ya kwenda kazini huchukua dakika tano, na dakika hizo tano huongeza mkono mmoja kwenye ile mikono michache.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mama anasema kojo, bibi anasema susu, mwalimu ana neno la Kiingereza, na dada ana neno la kwao. Mtoto wa miaka miwili ana maneno machache, na hili analihitaji haraka kuliko yote. Akilisema mahali ambapo halieleweki, analowa. Nyumba ichague neno moja kwa haja ndogo na moja kwa haja kubwa, na kila anayempokea mtoto aambiwe.

Halafu kuna pesa. Duka la mtaani huuza pampasi moja moja, na mama huzipanga: moja ya usiku, moja ya safari, moja ya kwenda kanisani au hospitali. Mchana mtoto anatembea na kaptula tu. Wako wanaoona haya kwa mpango huu wa wasionacho, ila kwa kujifunza ni mpango mzuri. Pampasi hunyonya mkojo mpaka mtoto asihisi ubichi, na ubichi ndio mwalimu wa kwanza. Mtoto anayekimbia uani na kaptula ya lastiki anahisi mkojo ukimteremka mguuni, anasimama, anatazama chini. Pale ndipo somo linapoanza.

Choo anachokiona mtoto

Vitabu vingi vya malezi huchukulia kwamba mwisho wa safari ni choo cha kukaa, chenye taa, hatua chache kutoka kitandani. Katika nyumba za kupanga za Manzese au Kibera, choo ni kimoja, kinatumiwa na familia kadhaa, na usiku ni giza. Tundu limekatwa kwa kipimo cha mguu wa mtu mzima. Mtoto anayelia mlangoni pa choo hicho anaona sawasawa: mahali pale pana hatari kwake, na watoto wamewahi kutumbukia. Asilazimishwe. Poti ndiyo daraja lake kwa mwaka mmoja au miwili, na shule inayomtaka awe amejua choo inapaswa kwanza kuwa na tundu dogo, mlango anaoufikia na mtu mzima wa kumsindikiza.

Yaliyomo kwenye poti nayo yana habari yake. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kinyesi cha mtoto mdogo hakina madhara, kwa hiyo kinatupwa mtaroni, jalalani, au nyuma ya nyumba. Ukweli ni kwamba watoto wadogo huugua kuhara na minyoo mara kwa mara, na kinyesi chao hubeba vijidudu sawa na cha mkubwa au kuzidi. Tanzania ilihimiza vyoo kwa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, na tena kwa Nyumba ni Choo iliyoanza mwaka 2017. Kaya ikiwa na choo bora huku poti ya mtoto ikimwagwa uani, kazi yote hiyo imeishia njiani. Poti imwagwe chooni, maji ya kuisuuza nayo chooni, ioshwe kwa sabuni, na mikono ya wote wawili ioshwe: ya mtoto na ya aliyemhudumia. Pampasi nayo isidumbukizwe chooni, kwa sababu haiozi, hujaza shimo, na humpa shida anayekuja kulinyonya.

Kutawaza ni somo la peke yake, na huja nyuma sana. Mtoto wa miaka mitatu anayekwenda chooni mwenyewe bado hajui kujisafisha kwa maji na mkono wa kushoto, na wengi wanaingia chekechea wakiwa hawajaweza. Msichana afundishwe tangu mwanzo kusafisha kutoka mbele kwenda nyuma, ili uchafu usiingie kwenye njia ya mkojo.

Fimbo na choo kigumu

Nimefika mahali panaponiuma. Katika nyumba nyingi ajali ya mkojo hujibiwa kwa kofi, kwa kufinywa, au kwa kumwita mtoto majina mbele ya wageni. Madaktari wa nchi nyingi wanalijua umbo baya zaidi la hasira hiyo: mtoto anayefikishwa hospitali akiwa ameungua makalio na miguu, kwa sababu mtu mzima alimtumbukiza kwenye maji ya moto baada ya kujichafua. Umri wa kuzoeshwa choo ni umri wa hatari kwa mtoto aliye mikononi mwa mtu aliyechoka, na kila anayemkabidhi mwenzake mtoto anapaswa kulijua hilo.

Hata kofi lisiloacha alama lina kazi yake mwilini. Mtoto aliyepigwa hajifunzi kwenda chooni. Anajifunza kujificha na kubana. Akibana haja kubwa siku mbili tatu, inakauka na kuwa ngumu. Ikitoka inamuumiza, pengine na damu kidogo. Kesho anabana zaidi kwa sababu anakumbuka maumivu. Utumbo unatanuka, hisia inafifia, kisha uji wa kinyesi unapita pembeni ya kile kigumu na kuchafua nguo bila yeye kujua. Nyumbani wanasema anaharisha, au ni mchafu kwa makusudi, na fimbo inarudi. Nimeona mtoto wa miaka minne akichapwa kwa ugonjwa ambao ungeanza kutibiwa kwa kufungua choo.

Tiba ya mwanzo iko jikoni: maji ya kutosha, papai, embe, mchicha, maharage, na unga wa dona badala ya sembe iliyokobolewa. Maziwa yakizidi yakachukua nafasi ya chakula, yapunguzwe. Akalishwe kwenye poti baada ya mlo kwa dakika chache, miguu ikigusa chini apate nguvu ya kusukuma. Mkao wa kuchuchumaa wa poti fupi unamsaidia. Choo kikiendelea kuwa kigumu, au kukiwa na damu, homa au maumivu ya kukojoa, aende kituo cha afya.

Usiku ni habari nyingine

Mchana hufundishika, usiku hukomaa. Ili mtoto alale mkavu, ubongo unapaswa kutoa homoni inayopunguza mkojo usiku, kibofu kiweze kuubeba, na usingizi uwe mwepesi kiasi cha kumwamsha. Hakuna mazoezi yanayoharakisha hayo kwa mtoto wa miaka mitatu. Kwa umri wa miaka mitano, watoto kama 15 kwa kila 100 bado hukojoa kitandani, na wengi hupona wenyewe kadiri miaka inavyopita. Hali hiyo hurithiwa: mzazi mmoja akiwa amewahi kuwa nayo, uwezekano wa mtoto ni karibu asilimia 44, wote wawili, asilimia 77.

Kwetu hurithiwa kimyakimya. Kikojozi huimbiwa na watoto wenzake, huanikiwa godoro mbele ya majirani, huambiwa alicheza na moto jioni. Mara nyingi anayemwaibisha ni mzazi aliyekuwa na hali hiyohiyo utotoni, akainyamazia. Neno moja kutoka kwake, "hata mimi mwanangu, nikaacha," lingemfaa mtoto kuliko nyimbo zote za mtaa. Mpira chini ya shuka, kukojoa kabla ya kulala, na kimya asubuhi wakati wa kubadilisha nguo: vinatosha mpaka miaka mitano au sita. Ila aliyekuwa amekauka miezi mingi akaanza tena, atazamwe. Pengine amezaliwa mdogo wake, pengine wamehama, pengine kuna jambo la kutisha limempata. Na ikiwa anakunywa maji kupita kawaida, anakonda na kukojoa sana, apimwe sukari siku hiyohiyo.

Kuna pia watoto ambao ratiba hizi haziwahusu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, usonji au tatizo la uti wa mgongo anaweza kuhitaji miaka mingi, na wengine watahitaji nepi siku zote. Mama zao hubeba mzigo huo kwa pesa zao na migongo yao, huku shule na mabasi yakiwakataa. Tunapodai kila mtoto awe amejua choo kabla ya kuandikishwa shule, tuwe tunajua ni nani tunayemfungia mlango.

Mikono ikubaliane

Nyumba nyingi nilizoziona zikifanikiwa hazikuwa na siri. Zilikuwa na makubaliano. Walichagua wiki ambayo hakuna mgeni, safari wala ugonjwa. Walikubaliana neno, saa na mahali: akiamka, baada ya kula, kabla ya kuoga, kabla ya kulala. Walimvika nguo anayoweza kuishusha mwenyewe. Ajali ikitokea, mtu aliye karibu alisema "leo imetoroka, kesho utaniambia," akafuta sakafu. Na mwajiri alimwambia dada mbele ya wote kwamba wiki hizo sakafu italowa na hatalaumiwa.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini watu wengi hulisahau. Desemba inakuja, familia inafunga mizigo kwenda kijijini kwa bibi. Sanduku linajaa nguo mpya, zawadi, sukari na mafuta. Poti inaachwa uvunguni. Huko mtoto anakuta choo asichokijua na watu wenye neno jingine, na mazoezi ya miezi mitatu yanapotea kwa siku mbili. Ipakieni. Kisha mkifika, kabla ya kunywa chai, bibi aonyeshwe poti na afundishwe neno; naye awafundishe mkao ule wa zamani, na sauti ile.